SOMO: Mgonjwa wa Saratani Anapokimbia Harufu ya Chakula



Mwenzetu akipata saratani huwa twachangishana. Nauli ikipatikana, na pesa za dawa, twaona kazi kubwa imekwisha. Kisha mgonjwa arudi kutoka kutiwa dawa kwa dripu, apikiwe wali wa nazi na samaki wa kupaka, chakula alichokipenda siku zote, na ile harufu tu yamkimbiza nje kutapika. Aliyepika anaudhika. Majirani wanasema anadeka, au karogwa. Mwili wazidi kukonda, na wako wanaoamua hawarudi tena hospitali. Hapo ndipo penye hatari.

Jamani, huko si kudeka. Dawa hizi, ambazo wengi twaziita kemo, hushambulia seli zinazozaliana haraka, maana ndiyo tabia ya saratani. Lakini seli za pua na ulimi zinazotambua harufu na ladha nazo hufanywa upya kila mara, basi nazo huguswa. Tena nyingi ya dawa hizi huamsha sehemu ya ubongo inayoleta kutapika. Kwa hivyo mgonjwa aweza kusikia kitunguu kinachokaangwa nyumba ya tatu, na ninyi hamsikii kitu. Mwingine husikia ladha ya chuma mdomoni. Huyo mpeni kijiko cha mti au cha plastiki. Kwa wengi hali hii hutulia wiki au miezi kadhaa baada ya dawa kwisha.

Sasa tufanyeje? Chakula cha moto hutoa harufu zaidi ya kilichopoa. Lakini tahadhari: kwa joto letu la Mombasa, chakula cha asubuhi kikiachwa hadi alasiri huharibika, na kinga ya mgonjwa iko chini. Basi pikeni kidogo, kipoe kikiwa kimefunikwa, kifunueni nje ndipo mumletee, naye ale papo hapo. Uji na anywe kwa kikombe chenye kifuniko na mrija. Ndizi mbivu, tikiti maji lililokatwa sasa hivi na mikono safi, au maziwa lala ya pakiti havina harufu kali.

Jambo moja wengi hawalijui. Mwaka wa 1978 mtafiti Ilene Bernstein wa Seattle, Marekani, alieleza habari za watoto waliopewa aiskrimu ya ladha ngeni kabla ya kutiwa kemo. Baadaye wengi wao waliikataa, kuliko wale walioila bila kutiwa dawa. Mwili ulikuwa umeunganisha ile ladha na kichefuchefu. Kwa hivyo siku ya dawa msimpikie kile akipendacho kuliko vyote. Kiwekeni hadi apate nafuu, msije mkamharibia.

Kazi ya kikundi yaanzia jikoni. Nyumba zetu nyingi ni za vyumba, na jiko la makaa au la mafuta ya taa liko mlangoni kwake. Jirani mmoja akikubali kumpikia kwake siku tatu za mwanzo, hilo ni zaidi ya mchango wa shilingi. Mkienda kumwona, acheni marashi, udi na sigara, na papa mkavu asipitishwe karibu. Msiudhike akigeuza uso.

Njiani nako kuna shida: moshi wa matatu, na msongamano wa feri kwa watu wa Likoni. Mkalisheni dirishani. Afunge kipande cha ndimu kwenye leso anuse.

Dawa ya kuzuia kutapika anywe kwa saa alizoambiwa, asingoje kutapika kwanza. Isipofaa amwambie daktari, kwani ziko za aina nyingine. Akipata homa ya digrii 38 au zaidi, au maji yakakataa kukaa tumboni siku nzima, mpelekeni hospitali mara moja, hata usiku.

Zungumzeni kikundini: Katika mtaa wenu, ni jiko la nani liko mbali kidogo na mgonjwa, na nani atapika zamu ya kwanza?