Kompyuta Iliyokataa Kuamka

Mwalimu wetu wa Taaluma ameniagiza niandike habari za kompyuta ya mezani iliyo ofisini kwake, ili wale watakaotufuata wajifunze bila kupita katika taabu tuliyoipata sisi. Nami nimekubali, ingawa habari yenyewe hainisifu.

Mwezi wa Machi 2025 diski ya kompyuta hiyo ilianza kugonga ndani, ko-ko-ko, kama mtu abishaye hodi. Diski ya namna ile ina sahani zinazozunguka, na mlio huo ni dalili kwamba siku zake zakaribia kwisha. Humo mlikuwa na alama za wanafunzi wote, na mitihani ya muhula iliyokuwa imekwisha kupigwa chapa nusu yake. Basi ikanunuliwa diski mpya isiyozunguka, ya ukubwa ule ule wa GB 500. Sisi wa chama cha kompyuta tukaichomoa mashine katika umeme, tukaitoa diski ya zamani, tukaipeleka katika chumba cha kompyuta na kuinakili yote katika ile mpya. Kazi hiyo, pamoja na kungoja umeme uliokatika, ilichukua siku mbili.

Yafaa nieleze hapa kwamba kunakili mafaili peke yake hakutoshi. Ndani ya diski mna sehemu ndogo ambayo mtumiaji haioni, nayo ndiyo yenye programu ya kuiamsha mashine. Asiyeinakili sehemu hiyo atakuwa na diski iliyo kama ghala lililojaa mahindi lakini halina mlango.

Siku ya tatu tukaifunga diski mpya, tukabonyeza kitufe. Feni ikavuma, taa ikawaka, kisha kioo kikabaki cheusi, pana mstari mmoja wa Kiingereza uliosema kwamba hakuna kifaa cha kuanzia. Nikasema mbele ya wote, "Diski hii ni mbovu. Mwenye duka ametudanganya." Nalisema kwa sauti ya mtu ajuaye. Mwalimu akaniamini, akaandika barua ya kuirudisha diski na kudai fedha za shule, akanipa niipeleke dukani kesho yake.

Jioni ile Mwalimu wa Fizikia alitukuta tukifungasha. Akaniuliza, "Umejuaje kwamba ni mbovu?" Sikuwa na jibu. Akasema, "Mashine haiamki kwa mara moja. Huamka kwa hatua. Tafuteni hatua iliyosimama, na kila mnaloliona mliandike." Basi tukaanza upya, na hatua zenyewe ni hizi.

Kwanza, umeme. Kama feni hazizunguki wala taa haiwaki, diski haina hatia bado. Tazama waya wa ukutani na swichi iliyo nyuma ya mashine. Lakini kabla ya kutia mkono ndani, chomoa waya wa umeme, kisha gusa chuma cha kasha ili umeme uliotulia mwilini mwako utoke. Lile sanduku linalogawa umeme usilifungue kamwe.

Pili, mashine hujikagua. Katika ubao mkuu imo programu ndogo ambayo huamka kabla ya nyingine zote, ikakagua kumbukumbu, kibodi na kioo. Ikilia pi, pi, pi na kioo kisionyeshe kitu, mara nyingi kipande cha kumbukumbu kimelegea kwa kusukumwa na mkono wa fundi. Yetu haikulia, tukaandika, "Hatua ya pili, salama."

Tatu, mashine huitafuta diski. Diski ina nyaya mbili: mwembamba wenye miguso 7 hupitisha habari, na mpana wenye miguso 15 hupitisha umeme. Tulizichomoa na kuzichomeka tena mpaka zikashika. Kisha tukawasha na kuingia katika ukurasa wa mipangilio. Katika mashine nyingi huingiwa kwa kubonyeza F2 au Del mara tu baada ya kuwasha. Hapo tukaliona jina la diski mpya pamoja na ukubwa wake. Hili ni jambo kubwa. Jina lisipoonekana, shaka huwa katika waya, katika tundu lake au katika diski yenyewe. Lakini likionekana, mashine imekwisha kuiona diski, na hapana budi kutazama mbele zaidi kabla ya kumlaumu mtu.

Nne, zamu ya vifaa. Mashine hufuata orodha inayosema ianze kutafuta wapi: katika sidii, katika flashi, au katika diski. Tulikuta sidii ni ya kwanza, tukaiweka diski mbele. Bado haikuamka. Tukachomoa umeme ili kutazama nyaya tena, na tulipowasha, sidii ilikuwa imerudi mbele kana kwamba hatukugusa kitu. Tukaliandika na hilo, lakini hatukulifikiri.

Mwenzetu mmoja akataka tuisimike programu yote upya. Mwalimu wa Fizikia akakataa, maana kazi hiyo ingefuta kila kitu katika diski mpya, na chanzo kingebaki pale pale.

Alikuwapo pia mtoto wa Kidato cha Kwanza aliyekuwa akituandikia. Akauliza, "Kaka, mbona hapa juu pameandikwa tarehe 1 Januari 2012?" Mimi nalicheka, nikamwambia aandike tu. Mwalimu hakucheka. Akasema, "Huyo ndiye aliyesoma. Ninyi mmetazama tu."

Katika ubao mkuu imo betri bapa kama sarafu, iitwayo CR2032, yenye volti 3. Kazi yake ni kuiendesha saa na kuilinda mipangilio wakati mashine haina umeme wa ukutani. Betri ile ilikuwa imekufa, labda zamani sana, lakini hakuna aliyejua, kwa kuwa mashine ile haikuchomolewa ukutani hata siku moja. Tulipoichomoa, ikasahau saa, ikasahau na mipangilio yote, ikarudia ile ya kiwandani.

Na miongoni mwa mipangilio hiyo ni namna ya kuanzia, ndiyo hatua ya tano. Namna ni mbili. Ile ya zamani, ambayo katika mashine nyingi huandikwa Legacy, husoma sehemu ya kwanza kabisa ya diski, yenye baiti 512 tu. Ile ya siku hizi, iitwayo UEFI, huitafuta programu ya kuamshia katika sehemu maalumu ya diski. Diski iliyotayarishwa kwa namna moja kwa kawaida haiamki kwa namna ya pili. Diski yetu ilikuwa ya UEFI, na mashine iliyosahau ilikuwa ikitafuta kwa namna ya zamani.

Kesho yake nalikwenda dukani kama nilivyoagizwa, lakini bila ya barua. Nalinunua betri moja. Mwenye duka akaniuliza diski yaendeleaje, nami nikaona haya, nikamjibu kwamba yaendelea vema. Tulipoitia betri, tukasahihisha tarehe, tukachagua UEFI, tukaiweka diski mbele na kuhifadhi. Mashine ikaamka, na alama zote zilikuwamo.

Diski ya zamani twaiweka kabatini mpaka muhula uishe, kwa maana haifai kuitupa ya kale kabla mpya haijathibitika. Tena msiziunganishe zote mbili pamoja mara ya kwanza, kwa sababu zafanana kabisa na mashine yaweza kuzichanganya. Na kabla ya kuichomoa mashine yoyote, andikeni mipangilio yake katika karatasi.

Ndugu zangu, mashine ilikataa baada ya kubadilishwa diski, nami nikadhani imekataa kwa sababu ya diski. Maneno hayo mawili si mamoja. Kidogo tu nimwite mwizi mtu asiye na kosa, kwa barua yenye mhuri wa shule. Wazee walisema, asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Mtoto wa Kidato cha Kwanza aliuliza, nasi tukajifunza. Kwake naomba radhi mbele yenu nyote.

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu