SOMO: KABLA YA KUMFUATA ALIYE KISIMANI

Kamati zetu nyingi za Iringa na Mbeya huchimba visima kwa michango ya waamini na wafadhili. Leo tunajifunza juu ya uokoaji chini ya ardhi.

Hewa ya ukaa ni nzito, haionekani, na hutuama chini. Huko Rungwe hutoka ardhini yenyewe, hata huvunwa kwa ajili ya soda. Moshi wa injini nao huua. Mchimbaji akianguka, mwenzake humfuata kwa huruma, naye huanguka.

Penye hewa mtu huweza kungoja: mwaka 2015, wachimbaji watano wa Nyangalata, Kahama, walitolewa hai baada ya siku 41. Pasipo hewa ni dakika chache tu. Hata Saman Kunan, mpiga mbizi stadi, alifariki mwaka 2018 katika pango la Tham Luang, Thailand, akipeleka mitungi ya hewa ili watoto 12 na kocha wao waokolewe.

Kwa hiyo tuzingatie:
1. Mchimbaji afungwe mkanda na kamba kabla ya kushuka; wenzake wabaki juu.
2. Pampu ya injini isishushwe kisimani.
3. Akizimia, avutwe kwa kamba, asishuke mtu. Pigeni 114, Zimamoto na Uokoaji.

Swali la kujadili: Je, bajeti ya kisima chetu ina fedha ya kamba?