Kelele za Usiku Ngao: Lalamiko Lako Limefika Wapi?

Tuseme ni saa saba usiku hapa Ngao. Upande wa pili wa mtaa kuna matanga, na tangu magharibi jenereta inanguruma na spika zimeelekezwa barabarani. Nyumbani una mtoto anayejiandaa kwa mtihani. Jirani yako amelaza mgonjwa hospitalini, na muziki unamfuata hadi wodini. Asubuhi mnakutana dukani, kila mtu anatoa lake la moyoni, mnatikisa vichwa, mnatawanyika. Wiki ijayo mambo ni yale yale.

Lalamiko hilo limefika wapi? Halikufika popote. Neno la mdomo halina tarehe wala mhuri, haliingii katika faili ya mtu yeyote, na bajeti ya kaunti inapoandikwa Hola, makao makuu yake, hakuna anayejua kwamba Ngao hawalali. Leo tutaonyesha namna ya kulifikisha lalamiko lako mahali ambapo sheria inamlazimu mtu kulijibu.

Haki uliyo nayo

Kifungu cha 42 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi na yenye afya. Kelele huchafua mazingira kama moshi na maji taka yanavyochafua. Kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2009, zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira, zimeweka vipimo. Mchana, yaani hadi saa mbili usiku, kelele za nje katika makaazi ya watu zisizidi desibeli 50, na penye biashara tupu zisizidi 60. Maeneo ya utulivu pamoja na nyumba za ibada yamewekewa 40. Kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi kikomo ni kimoja kwa wote: desibeli 35, sauti isiyopita sana mnong'ono.

Usivunjike moyo kwa kuwa huna mashine ya kupimia. Kanuni hizo zinakataza kelele yoyote kubwa isiyo ya lazima inayowasumbua wengine. Katika kuamua, huangaliwa ni saa ngapi, ni karibu kiasi gani na nyumba za watu, inajirudia mara ngapi, imekuzwa kwa mitambo au la, na kama ingeweza kupunguzwa bila taabu wala gharama kubwa. Hayo yote unaweza kuyaeleza kwa macho na masikio yako. Kelele za kutahadharisha watu wakati wa dharura hazimo katika katazo hilo. Mto ukifurika usiku na watu wakaamshwa wahame, hapo hakuna kosa.

Mlango wa kubisha

Wengi wetu tukikerwa humwendea chifu. Si vibaya, ila ni vyema kujua mipaka ya kazi yake. Chifu na naibu wake ni maafisa wa serikali ya kitaifa. Wanaweza kuitisha baraza, kupatanisha na kuwaita polisi, lakini hawana mfuko wa kaunti wala hawatoi leseni zake.

Jedwali la Nne la Katiba limekabidhi serikali za kaunti kazi ya kudhibiti kelele na kero nyingine za umma, kuzoa taka, kutoa leseni za vileo na kudhibiti wanyama. Kwa hiyo spika za usiku, jaa la taka karibu na soko na baa iliyofunguliwa kando ya shule ni mambo ya Kaunti ya Tana River. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 imeiweka kaunti hiyo karibu nawe kupitia msimamizi wa wadi. Barua yako ianzie kwake.

Mwakilishi wadi ana kazi nyingine. Yeye hutunga sheria za kaunti, hupitisha bajeti na kuwasimamia watendaji. Mpe nakala, kwa sababu ndiye atakayeuliza katika bunge la kaunti kwa nini barua yako haikujibiwa. Kukiwa na vita, vitisho au uhalifu, mlango ni kituo cha polisi. Ukiripoti, usiondoke bila nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio.

Kuhusu baa, Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010, ile ambayo wengi huiita sheria ya Mututho kwa jina la mbunge aliyeiwasilisha, iliruhusu baa kuuza kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku siku za kazi, na kuanzia saa nane mchana wikendi na sikukuu. Pia iliitaka baa ikae angalau mita 300 kutoka shule za watoto. Kwa kuwa leseni sasa ziko mikononi mwa kaunti, mwombe msimamizi wa wadi nakala ya sheria ya kaunti inayotumika, na uulize maombi mapya ya leseni hutangazwa wapi ili wakaazi watoe pingamizi mapema. Ni rahisi kuizuia leseni kabla haijatolewa kuliko kuifuta.

Matanga na disko

Hapa tuseme kwa heshima, maana ni jambo la msiba. Hakuna sheria inayokataza kuomboleza, kukesha na familia, kuomba na kuimba nyimbo za faraja. Disko matanga ni jambo jingine. Ni muziki wa kukodi unaopigwa hadi alfajiri, mara nyingi ili kuchangisha fedha za mazishi, na watoto wa shule wamo katikati ya walevi. Viongozi wa Pwani wameupiga marufuku mara nyingi, nao hurudi.

Familia inayohitaji mchango isaidiwe kuchanga mchana. Anayetaka kupiga kelele kupita kipimo anatakiwa kuomba kibali kwanza, na kibali hicho ni cha siku chache tu. Ukiona mtoto ameingizwa kwenye ulevi au anadhulumiwa, usingoje asubuhi: piga simu 116, laini ya bure ya kuwasaidia watoto, au nenda polisi.

Hatua kwa hatua

Kwanza, weka kumbukumbu. Daftari la shule latosha. Andika tarehe, saa kelele zilipoanza na zilipokwisha, zilikotoka na nani aliathirika. Wiki tatu za daftari kama hilo zina nguvu kuliko miaka kumi ya manung'uniko.

Pili, zungumza na mhusika ukiwa na shahidi mtulivu. Wazee wanaweza kusaidia hapa. Kifungu cha 159 cha Katiba kinatambua njia za jadi za kusuluhisha migogoro, mradi zisivunje haki za binadamu. Wapokomo wana Gasa na Waorma wana Matadeda. Kero inapovuka mpaka wa jamii, mathalani ng'ombe wameingia shambani au njia ya kwenda mtoni imezibwa, wazee wa pande zote mbili wakutane siku hiyo hiyo. Mapigano ya mwaka 2012 yalitufundisha hapa katika Delta ya Tana kwamba ugomvi wa malisho na maji ukiachwa bila mwamuzi huishia kwenye makaburi.

Tatu, andika barua na ikusanyie saini za majirani. Sheria ya Serikali za Kaunti inampa kila mkaazi haki ya kuwasilisha ombi kwa kaunti kuhusu jambo lolote lililo chini yake, na inailazimu kaunti kujibu bila kuchelewa. Peleka nakala mbili, upigiwe mhuri na tarehe kwenye yako, na uitunze kama hati ya shamba.

Nne, ukipuuzwa, panda ngazi: NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, kwa mambo ya mazingira, Tume ya Haki ya Utawala kwa afisa asiyetimiza wajibu wake, na hatimaye mahakama. Kifungu cha 70 kinamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kutetea haki ya mazingira bila kuthibitisha kwamba yeye binafsi amepata hasara. Usiseme mahakama ni za watu wa mjini. Wakaazi wa Delta hii waliishtaki serikali kuhusu matumizi ya ardhi na maji yao, na Februari 2013 Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu akaagiza mipango ya matumizi ya ardhi ya Delta iandaliwe kwa kuwashirikisha wakaazi wenyewe.

Jambo moja usilifanye: kuvunja spika, kukata nyaya au kuchoma kibanda. Siku hiyo mlalamikaji hugeuka mshtakiwa.

Bajeti ndiyo inayonyamazisha kelele

Afisa wa afya ya umma akikwambia hana pikipiki ya kufika Ngao usiku wala kipima sauti, huenda anasema kweli. Swali la kumuuliza ni hili: fedha hizo ziliombwa lini, na nani aliziondoa? Haki isiyotengewa fedha hubaki kwenye karatasi.

Mwaka wa fedha huanza Julai 1, lakini ukija Juni umechelewa. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 imepanga hivi:

- Kufikia Septemba 1, mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata huwasilishwa katika bunge la kaunti. Lisiloandikwa humu ni shida kuliingiza baadaye.
- Kufikia Februari 28, taarifa ya mkakati wa fedha hufikishwa bungeni. Hii ndiyo inayogawa kiasi kwa kila idara, na maoni ya umma lazima yazingatiwe.
- Kufikia Aprili 30, makadirio ya bajeti huwasilishwa. Kamati ya bunge husikiliza wananchi kabla ya kuyapitisha.
- Kufikia Juni 30, bajeti iwe imepitishwa. Mswada wa fedha, unaoweka ada za soko na leseni, hufuata ndani ya siku 90.
- Kila baada ya miezi mitatu, kaunti hutoa ripoti ya matumizi, naye Mdhibiti wa Bajeti huchapisha yake.

Sheria hiyo pia imeunda Jukwaa la Bajeti na Uchumi la Kaunti, ambamo wafanyabiashara, wanawake, wazee, watu wenye ulemavu na makundi ya dini wana wawakilishi. Uliza ni nani anayekaa pale kwa niaba yako, na mpe nakala ya barua ya mtaa wenu.

Je, wakikwambia mkutano ulitangazwa gazetini na wewe hukuliona gazeti? Mwaka 2014 Jaji George Odunga alibatilisha Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Alisema kaunti inapaswa kuwafikia watu kwa njia nyingi walipo: makanisani, misikitini, kwenye mabaraza na kupitia redio za lugha zao. Neno hilo linaihusu Ngao pia. Tangazo lililobandikwa Hola pekee, mbali huko juu ya mto, haliwezi kusemwa kuwa limewafikia watu wa Delta.

Haki ya kuulizia hesabu

Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 vinakuruhusu kuomba nakala ya bajeti, orodha ya miradi ya wadi yako au orodha ya baa zenye leseni. Unaweza kuandika kwa Kiswahili. Asiyejua kuandika aseme kwa mdomo, na afisa ana wajibu wa kumwandikia. Kuomba ni bure. Utalipia tu gharama ya kutoa nakala. Jibu lije ndani ya siku 21. Likikataliwa, una siku 30 za kulalamika kwa Tume ya Haki ya Utawala.

Mfano wa barua

*Kwa Msimamizi wa Wadi. Nakala: Mwakilishi Wadi, Afisa wa Afya ya Umma, Chifu.*

*YAH: KELELE ZA USIKU KARIBU NA HOSPITALI, NGAO*

*Sisi wakaazi tuliotia saini hapa chini tunalalamikia muziki wa spika uliopigwa kupita saa mbili usiku katika tarehe zilizoorodheshwa kwenye ukurasa ulioambatanishwa. Jambo hili linavunja haki yetu chini ya Kifungu cha 42 cha Katiba na Kanuni za Kelele za 2009. Tunaomba: (1) mhusika apewe ilani ya kuacha, (2) tuelezwe kama alikuwa na kibali, na tupewe nakala yake, (3) fedha za kusimamia kelele na kero za umma zitengwe katika bajeti ijayo, na tuarifiwe tarehe na mahali pa kikao cha kutoa maoni. Tunasubiri jibu la maandishi.*

Barua hii ina maombi matatu, na kila moja lina mtu wake wa kulijibu. Ibadilishe kulingana na kero yenu: taka, baa, maji yaliyotuama au mifugo inayozurura. Isomeni pamoja kanisani, msikitini au kwenye kikundi cha akina mama. Aliye na mwandiko mzuri aiandike, na aendaye ofisini kwa msimamizi wa wadi aipeleke.

Ndugu msomaji, daftari la kumbukumbu lianze usiku wa leo, na barua iwe na mhuri mara daftari likishatimiza wiki tatu. Kisha, Septemba 1 ikikaribia, nendeni mkaulize kama Ngao imo katika mpango wa mwaka ujao. Kama haimo, bado mna nafasi ya kuiingiza.