Dawa Kali za Maumivu: Namna ya Kuzitofautisha na Kuzitumia kwa Usalama



Somo hili linahusu dawa ambazo wengi wetu tunazifahamu kwa majina tu, tena majina yanayotajwa kwa sauti ya chini: morfini, pethidini, fentanili, kodeini, tramado. Zote ni za jamii ya afyuni, na zote hutolewa kwa cheti cha daktari. Wakazi wa Mwanza na wa mwambao wa Ziwa Viktoria hukutana nazo katika nyakati ngumu: mgonjwa wa saratani arudipo nyumbani kutoka Bugando, kijana mwenye seli mundu anapopatwa na maumivu makali ya mifupa, mama aliyetoka kufanyiwa upasuaji, mvuvi aliyevunjika mguu.

Kuhusu dawa hizi tumekutana na makosa ya aina mbili, nayo yanapingana. Wapo wanaoziogopa kiasi cha kumwacha mzazi wao akilia usiku kucha huku chupa ya dawa ikiwa kabatini. Wapo pia waliozizoea kiasi cha kumeza tramado kama peremende ili wabebe mizigo mingi zaidi. Tunaandika kwa ajili ya wote wawili, ingawa, tukisema kweli, yule wa kwanza ndiye anayetuhuzunisha zaidi.

Ngazi ya maumivu

Mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kutibu maumivu ya saratani kwa ngazi tatu, na hadi leo waganga wengi huufuata katika kufikiri kwao. Ngazi ya kwanza ina dawa za kawaida, kama parasetamo, ibuprofeni na diklofenaki. Ya pili ina afyuni hafifu, yaani kodeini na tramado. Ya tatu ina afyuni kali, na kiongozi wao ni morfini. Mgonjwa halazimiki kupanda kila kidato. Mwenye maumivu makali sana aweza kuanzia juu, na mara nyingi dawa ya ngazi ya kwanza huendelea kutumika pamoja na ile kali, kwa kuwa kila moja hushughulikia maumivu kwa njia yake.

Zinatofautianaje?

Morfini ndiyo kipimo ambacho dawa nyingine zote hulinganishwa nacho. Kwa kumeza, miligramu 10 za morfini hukaribia nguvu ya miligramu 100 za kodeini. Morfini ya sindano ina nguvu maradufu au mara tatu ya ile ya kumeza, ndiyo maana mgonjwa aliyekuwa akichomwa sindano wodini hupewa miligramu nyingi zaidi za kunywa anaporuhusiwa. Ndugu huona tarakimu imepanda na kudhani hali imekuwa mbaya, kumbe ni njia tu iliyobadilika. Fentanili ina nguvu inayokadiriwa kuwa mara 100 ya morfini, na kwa hiyo hupimwa kwa mikrogramu. Tarakimu hizi tunazitoa ili msomaji aelewe kwa nini dawa moja haiwezi kubadilishwa kwa nyingine kidonge kwa kidonge. Hazikutolewa ili mtu apige hesabu hiyo nyumbani. Hata daktari anapobadili dawa huanza kwa kiasi pungufu ya kile kinachoonyeshwa na jedwali, kisha hupandisha taratibu.

Kodeini haina nguvu kubwa yenyewe. Ini huigeuza sehemu yake kuwa morfini. Hapo ndipo ilipo hatari yake, maana miili haifanani. Kuna watu ambao ini lao haliigeuzi kabisa, nao hawapati nafuu yoyote. Wengine huigeuza kwa kasi kubwa mno, wakajikuta na morfini nyingi mwilini kutokana na dozi ya kawaida. Watoto wamepoteza maisha kwa sababu hiyo. Mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani ilipiga marufuku kodeini na tramado kwa maumivu ya watoto walio chini ya miaka 12, na ikawatahadharisha mama wanaonyonyesha. Basi mzazi asimpe mtoto kidonge kilichobaki cha mtu mzima, hata akikikata robo.

Tramado imeenea kuliko ndugu zake, kwa kuwa haimo katika Mkataba wa Kimataifa wa Dawa za Kulevya wa mwaka 1961 unaobana morfini na pethidini. Kutokuwamo huko si cheti cha usalama. Pamoja na kulevya na kupunguza pumzi, tramado ina tabia ambayo morfini haina kwa kiwango hicho: huweza kuleta degedege kwa mtu mzima, hasa akipita miligramu 400 kwa siku, akiwa na kifafa, au akitumia baadhi ya dawa za sonona. Aidha, baadhi ya vidonge vya tramado vimechanganywa na parasetamo. Mgonjwa anayevimeza huku akiongeza panado kando hujikuta amepita gramu 4 za parasetamo kwa siku, na ini ndilo linaloumia.

Pethidini ilipendwa sana zamani katika wodi za uzazi na za upasuaji. Haifai maumivu ya muda mrefu. Nguvu yake hudumu saa 2 hadi 3 tu, na mabaki yake hurundikana mwilini, hasa kwa mwenye figo dhaifu, mpaka mgonjwa akatetemeka na hata kupata degedege.

Fentanili wakati mwingine huja kama plasta ya kubandika kwenye ngozi, inayokaa siku 3. Haianzi kazi mara moja. Huchukua nusu siku au zaidi. Anayeongeza plasta ya pili kwa kukosa subira, au kuweka kitambaa cha moto juu yake, huharakisha dawa kuingia mwilini. Plasta iliyobanduliwa ingali na dawa ya kutosha kumdhuru mtoto.

Morfini ya maji nyumbani

Hapa tutakaa kidogo, kwa kuwa ndiyo dawa ambayo familia hukabidhiwa mikononi mwake. Ni maji yenye morfini, hayana ajabu, wala gharama yake si kubwa. Ng'ambo ya ziwa letu, nchini Uganda, shirika la Hospice Africa Uganda lililoanzishwa mwaka 1993 na Daktari Anne Merriman limekuwa likiitengeneza kutokana na unga, na mwaka 2004 sheria ya nchi hiyo iliwaruhusu wauguzi waliofunzwa tiba shufaa kuiandika. Jirani zetu walionyesha kwamba mgonjwa wa kijijini aweza kutulizwa akiwa kitandani kwake.

Tumchukulie mama wa Ukerewe aliyeandikiwa miligramu 10 kila baada ya saa 4. Chupa yake imeandikwa: miligramu 10 katika kila mililita 5. Atakunywa mililita 5 saa 12 asubuhi, saa 4 asubuhi, saa 8 mchana na saa 12 jioni. Na saa 4 usiku daktari amemwandikia mililita 10 ili alale hadi alfajiri. Kwa siku ni mililita 30. Chupa ya mililita 500 itamtosha siku 16 na ziada kidogo, na pungufu ya hapo ikiwa ameruhusiwa dozi ya katikati pale maumivu yanapochomoza. Hesabu hii inafaa kufanywa siku ileile ya kupokea chupa, kwa sababu meli ya Nansio haimsubiri mtu, na ziwa likichafuka safari huahirishwa. Anayengoja chupa ikauke ndipo atafute nauli humwacha mgonjwa bila dawa, tena kwa ghafla.

Sasa tuseme chupa inayofuata imetoka sehemu nyingine, nayo imeandikwa miligramu 50 katika mililita 5. Rangi yaweza kuwa ileile. Mkamwana anayemhudumia akipima mililita 5 kama alivyozoea, amempa mama mara tano ya dozi yake. Kwa hiyo ukipokea chupa mpya, soma tarakimu zote mbili, za miligramu na za mililita, na umwombe mfamasia akuonyeshe kwa kidole dozi inafika wapi kwenye bomba. Tumia bomba lisilo na sindano au kikombe chenye mistari. Vijiko vya chai vya majumbani havilingani. Vingine hubeba karibu maradufu ya vingine.

Dawa hunywewa kwa saa, maumivu yawepo yasiwepo. Kungoja mpaka mgonjwa apige kelele ni kuyaacha maumivu yatangulie, na kuyafukuzia kunahitaji dawa nyingi zaidi. Akisahau dozi, anywe inayofuata kwa kiasi chake cha kawaida bila kuongeza.

Kichefuchefu na usingizi wa siku za kwanza kwa kawaida hupungua ndani ya wiki. Kufunga choo hakupungui. Ni jambo la kila siku kwa kila anayetumia dawa hizi, na linaweza kumtesa mgonjwa kuliko ugonjwa wenyewe. Tumesikia wagonjwa walioacha morfini kwa sababu hiyo tu. Daktari akiandika morfini bila dawa ya kulainisha choo, muulize. Mapapai na maji husaidia, lakini peke yake hayatoshi.

Mwenye ugonjwa wa figo aseme mapema, kwani mabaki ya morfini hutoka kwa njia ya figo. Vidonge vya morfini vinavyotoa dawa taratibu kwa saa 12 havisagwi wala kutafunwa, hata kama mgonjwa hawezi kumeza. Omba ya maji. Na wakati wa kuanza dawa, au dozi inapoongezwa, mgonjwa asiendeshe gari, bodaboda wala mtumbwi.

Je, mgonjwa atakuwa teja?

Swali hili huulizwa karibu kila mara, na kwa kawaida huulizwa na ndugu, si na mgonjwa. Jibu linahitaji kutenganisha mambo mawili. Utegemezi wa mwili ni hali ya kawaida: atumiaye morfini kwa wiki kadhaa, akiikatiza ghafla, atatokwa jasho, atatetemeka na kuharisha. Ndiyo maana hupunguzwa polepole chini ya uangalizi. Uraibu ni kitu kingine, ni kuisaka dawa bila kujizuia ingawa inaharibu maisha. Mgonjwa wa saratani anayeomba dawa kwa sababu anaumwa hajawa mraibu, na morfini iliyopimwa vizuri haifupishi maisha yake. Hatari ya uraibu ipo, nayo ni kubwa zaidi kwa anayetumia bila maumivu ya kweli, kwa muda mrefu, bila msimamizi.

Aliyekwishanaswa naye hajafungiwa mlango. Tiba ya methadoni ilianza nchini mwaka 2011 katika Hospitali ya Muhimbili, na kwa hapa Mwanza hutolewa Hospitali ya Sekou Toure. Ajabu ni kwamba methadoni yenyewe ni afyuni kali: hukaa mwilini muda mrefu, hunywewa mbele ya muuguzi, na humwondolea mtu ile haja ya kukimbizana na dozi. Isipelekwe nyumbani kwa siri wala kugawiwa rafiki; dozi ya mzoefu yaweza kumuua asiyezoea.

Dalili za hatari

Dawa hizi huua kwa kuzima pumzi. Mgonjwa huanza kwa usingizi mzito, akiitwa haitiki au huitika na kulala tena. Hukoroma isivyo kawaida yake. Mboni za macho huwa ndogo kama tundu la sindano. Hesabu pumzi zake kwa dakika nzima. Zikiwa chini ya 10, au midomo na kucha zimepauka kuelekea rangi ya kijivu, huo ni wakati wa kukimbilia hospitali. Mlaze ubavu, mwondoe plasta kama anayo, na ubebe chupa au pakiti ya dawa. Usimnyweshe maziwa, limau wala maji. Mtu asiyeamka husongwa nayo. Hospitalini kuna dawa iitwayo naloksoni inayoirudisha pumzi ndani ya dakika chache, lakini nguvu yake huisha upesi kuliko ya morfini. Akizinduka na kutaka kurudi nyumbani papo hapo, mkatalie.

Vifo vingi husababishwa na mchanganyiko kuliko dawa moja: afyuni pamoja na pombe, iwe konyagi au gongo, au pamoja na diazepamu na dawa nyingine za usingizi. Mwambie mfamasia kila unachotumia, ikiwa ni pamoja na kile ambacho unaona aibu kukitaja.

Kununua na kutunza

Duka la dawa muhimu halina ruhusa ya kuuza morfini wala pethidini, na muuzaji anayekutolea kutoka chini ya meza hakufanyii hisani. Nenda famasi au hospitali ukiwa na cheti. Kagua jina la dawa, nguvu yake, tarehe ya mwisho wa matumizi na namba ya toleo. Kidonge kisicho na pakiti, kilichotolewa kwenye kopo la pamoja, hakithibitiki kuwa ni hicho kinachotajwa. Ukishuku, peleka sampuli na maelezo katika ofisi ya Kanda ya Ziwa ya TMDA iliyopo Mwanza.

Nyumbani, dawa ikae mahali pa kufungwa kwa ufunguo, mbali na jua, katika chupa yake ya asili. Usiihamishie kwenye chupa ya soda au ya maji kwa kisingizio cha safari. Mtoto mwenye kiu hasomi lebo. Mtu mmoja katika familia awe na daftari la kuandika saa na kiasi cha kila dozi, ili shangazi aliyekuja kupokea zamu ya usiku asirudie ile ambayo binti amekwisha kuitoa.

Mgonjwa akifariki au akipona, dawa iliyobaki irudishwe hospitali ilikotoka, ikapokelewe na kuandikwa. Tunajua kwamba katika siku za matanga hakuna anayekumbuka kabati. Mteueni mapema mtu wa kuikumbuka, naye ahesabu kilichobaki kabla wageni hawajajaa nyumbani.