Chaki Ipi Kwanza kwa Karakana ya Kijijini

Fundi anayefungua karakana katika kijiji kama Nyangamara hatapata kazi ya kutengeneza boliti elfu moja zinazofanana. Kitakachomfikia mlangoni ni shafti ya mashine ya kusaga iliyolika pale inapokaa beringi, puli iliyovunjika ukingo, bushi ya mkokoteni, au kipande cha pampu ya kupulizia salfa ambacho mkulima wa korosho anakitaka leo hii, kwa sababu ugonjwa wa ubwiri unga hausubiri mtu. Kila kazi ina umbo lake, na nyingi zimeshachomelewa mara mbili tatu na fundi mwingine. Chaki ya mashine ya kukereza, yaani kishikio kinachobana kazi, ichaguliwe kwa kuangalia kazi hizo, si kwa kuangalia ipi inang'aa zaidi dukani.

Ndiyo maana nasema hivi, ingawa wengi watanibishia: kama fedha inatosha chaki moja tu, nunua ya taya nne zinazojitegemea. Ya taya tatu itafuata.

Ubishi wao una msingi. Chaki ya taya tatu ni nyepesi kutumia. Unazungusha ufunguo mahali pamoja, sahani yenye mfereji wa msokoto iliyo ndani inazisogeza taya zote kwa pamoja, na chuma cha mviringo kinakaa katikati chenyewe. Hata chuma cha pembe sita inakibana vizuri. Kwa fito mpya za mviringo, bushi na pini, utamaliza kazi wakati mwenye taya nne bado anapima. Lakini hapo katikati si katikati kamili. Chaki nzuri na mpya huweza kuyumba kwa sehemu kama 0.05 hadi 0.1 ya milimita, na iliyochakaa huyumba zaidi. Ukikereza kipande chote bila kukifungua, kuyumba huko hakukudhuru, kwa kuwa unachokereza kinafuata mhimili wa mashine. Shida huja unapokitoa, ukakigeuza na kukirudisha. Sasa upande wa pili haulingani na wa kwanza, na beringi utakayoipachika itapiga kelele mpaka ife. Tena chuma cha mraba hakishikiki kabisa kwa taya tatu, wala flenji iliyokatika upande.

Chaki ya taya nne zinazojitegemea haijali umbo. Kila taya ina skrubu yake, hivyo unabana mraba, mstatili, kipande kilichopinda, hata kazi inayotakiwa kuzunguka nje ya katikati. Wanaoiogopa huogopa kuweka kazi katikati, na hilo ni suala la mazoezi tu. Kwanza zisogeze taya kwa kufuata duara zilizochorwa kwenye uso wa chaki, zilingane kwa macho. Bana kazi kiasi cha kutoanguka. Weka saa ya kupimia, ncha yake iguse kazi, kisha zungusha chaki kwa mkono, usiwashe mota. Soma kwenye taya ya kwanza, halafu ya tatu iliyo mkabala nayo. Tofauti ikiwa 0.40 ya milimita, kazi inatakiwa kusogea nusu yake, yaani 0.20: legeza kidogo taya ya upande ulio chini, kaza ile iliyo upande wa juu. Usiguse taya ya pili na ya nne mpaka hizi mbili zisome sawa. Kisha nenda kwa jozi ya pili, rudi kwa ya kwanza, na kaza kidogo kidogo kwa zamu. Mwenye mkono uliozoea hufika 0.02 ya milimita ndani ya dakika chache, usahihi ambao chaki ya taya tatu ya kawaida haikupi. Asiye na saa atumie chaki ya kuandikia ubaoni: mashine izunguke polepole, ncha isogezwe taratibu, itaacha alama pale palipotokeza.

Shafti ndefu ni jambo jingine. Kipande kikitokeza nje ya taya zaidi ya mara tatu au nne ya unene wake, kisaidie kwa senta ya nyuma. Na shafti ya kinu yenye makao mawili ya beringi ningeikereza kati ya senta mbili bila kutumia chaki, ili pande zote mbili zifuate mhimili mmoja.

Kabla hujapanda basi kwenda Dar es Salaam kununua, pima pua ya spindo ya mashine yako. Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Kama ni ya nyuzi, andika kipenyo na hatua ya nyuzi, ukitumia geji, si kukadiria. Kama ni ile ya pini zinazofungwa kwa ufunguo pembeni mwa spindo, tafuta alama yake. Ya D1-4 ina pini tatu na ya D1-6 ina sita, na moja haiingii kwenye nyingine hata kwa nyundo. Chaki nyingi zina mgongo bapa na hufungwa kwa boliti kwenye sahani ya nyuma. Sahani hiyo lazima ikerezwe ikiwa imefungwa kwenye mashine yako mwenyewe, mpaka bega lake likae ndani ya chaki bila kucheza. Na mwenye spindo ya nyuzi asizungushe kinyume kwa nguvu wala kuisimamisha ghafla. Chaki hujifungua, na chuma cha kilo kumi na kadhaa kikiruka hakichagui mguu wa nani.

Ukubwa usizidi. Mashine inayoweza kuzungusha kipande cha milimita 330 inatoshwa na chaki ya taya tatu ya 160, au ya taya nne ya 200. Kubwa kuliko hapo inazilemea beringi za spindo, na taya zikitoka nje zitagonga kitanda. Soma pia kikomo cha mwendo kilichogongwa usoni. Kadiri mwendo unavyoongezeka, taya huvutwa nje na kazi hulegea, na mwili wa chuma cha kusubu hauvumilii kasi kama wa feleji.

Ukinunua ya taya tatu iliyotumika, tembea na ufito wa shokapu ulionyooka. Ubane, kisha utikise ncha ya nje. Ukicheza, mdomo wa taya umepanuka. Angalia kwa mwanga: ukiuona ukipenya mbele huku nyuma taya zimegusa, ni dalili ileile. Namba za taya, moja hadi tatu, zisomane na za kwenye mwili, na ufunguo uwe mzito sawasawa kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ukilegea katikati tu, mmiliki wa zamani alikuwa akibana kipenyo kimoja kila siku.

Wanaokereza mbao za mpingo, si chuma, wana hesabu yao. Mti huu hukua kwa makumi ya miaka kabla ya kuvunwa, na misitu ya vijiji kama Kikole na Kisangi, wilayani Kilwa, ilipewa hati ya FSC, baraza la kimataifa la usimamizi wa misitu, mwaka 2009 kwa kuvunwa kwa utaratibu. Kupoteza sentimita tatu za mti kwa sababu ya kishikio kibaya ni hasara. Sahani ya skrubu huacha matundu ambayo itabidi uyakate. Chaki ya mbao, yenye taya nne zinazokwenda pamoja, hushika kwa kijiti kifupi kilichokatwa kwa mteremko wa mkia wa njiwa, milimita sita au nane tu. Kwa kuwa uzito wa mpingo hupita kilo 1,200 kwa mita moja ya ujazo, anza kwa mwendo wa chini, na weka senta ya nyuma mpaka kipande kiwe duara.

Ufunguo wa chaki usiachwe ndani hata kwa nukta moja. Unapouachia mkono, uwe tayari umewekwa mezani.