Kupro: Kura Mbili za Mwaka 2004

Kisiwa cha Kupro, nchi alikozaliwa Mtakatifu Barnaba, kimo katika Bahari ya Mediteranea, kusini mwa Uturuki. Wenyeji wake ni wa jamii mbili, Wagiriki na Waturuki. Kilipopata uhuru kutoka kwa Waingereza mwaka 1960, kwa kila Mturuki mmoja walikuwapo Wagiriki wapata wanne. Tangu mwaka 1968 viongozi wa jamii hizo wamekuwa wakikaa mezani, wakiinuka, wakikaa tena. Mtu ana haki ya kuuliza: ni jambo gani hilo lisilokwisha?

Rais wa kwanza alikuwa Askofu Mkuu Makarios wa Kanisa la Kiorthodoksi, yule ambaye Waingereza walimhamishia Shelisheli mwaka 1956, na ambaye seminari ya Waorthodoksi jijini Nairobi inaitwa kwa jina lake. Katiba iliwapa Waturuki Makamu wa Rais mwenye uwezo wa kuzuia baadhi ya maamuzi. Mwaka 1963 Makarios alitaka kuibadili, na kabla mwaka haujaisha damu ikamwagika. Julai 1974 alipinduliwa kwa hila ya utawala wa kijeshi wa Ugiriki. Siku tano baadaye majeshi ya Uturuki yakashuka pwani ya kaskazini, hata mwishowe yakashika zaidi ya theluthi moja ya kisiwa. Wagiriki wapata 160,000 walikimbilia kusini. Waturuki zaidi ya 40,000 wakahamia kaskazini. Wengi wakalala katika nyumba za wale waliowakimbia.

Tangu mwaka 1977 pande zote mbili zilikubali kwa maneno kwamba dawa ni shirikisho la jamii mbili. Lakini nyumba ni ya nani, ya aliyeijenga au ya aliyewalea watoto wake humo? Na askari wa Uturuki je? Mturuki akumbukaye mwaka 1963 huwaona kuwa ngao yake. Mgiriki akumbukaye mwaka 1974 huwaona kuwa upanga shingoni.

Tarehe 24 Aprili 2004 wananchi wenyewe waliulizwa, kila jamii kwa kura yake, kama wanaupokea mpango wa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Kofi Annan. Sehemu ya ardhi, pamoja na mtaa wa Varosha mjini Famagusta, ingerudishwa kwa Wagiriki. Askari wangepunguzwa polepole. Waturuki 65 katika kila 100 walikubali. Wagiriki 76 katika kila 100 walikataa.

Wengi waliwalaumu Wagiriki kwa ugumu wa moyo. Sisi twaona yafaa kutazama kalenda. Jamhuri ya Kupro, ambayo serikali yake imo mikononi mwa Wagiriki, ilikuwa imekwisha kuahidiwa kuingia katika Umoja wa Ulaya tarehe 1 Mei, kisiwa kiungane au kisiungane. Basi aliyekataa hakupoteza kitu: baada ya juma moja aliingia. Naye aliyekubali hakupata kitu: sheria za Umoja huo hazitumiki kaskazini hata leo, na biashara ya moja kwa moja waliyoahidiwa Waturuki haikufunguliwa. Hatusemi kwamba mpango ule ulikuwa mwema kila mahali. Mgiriki alikuwa na sababu ya kuwaogopa askari ambao wangebaki miaka mingi. Lakini waliopanga mambo walimlipa mtu kabla ya kazi, kisha wakastaajabu kwamba hakuja shambani.

Mwaka 2017, huko Crans-Montana nchini Uswisi, viongozi walikaribiana tena, na mazungumzo yakavunjika usiku, hasa juu ya askari na haki ya Uturuki kuingilia kati. Baadaye kiongozi wa Waturuki aliyechaguliwa mwaka 2020 alitaka nchi mbili. Yule aliyemshinda mwaka 2025, Tufan Erhürman, ni mtu wa shirikisho.

Iko kazi moja ambayo jamii hizo zimeifanya pamoja: kuwatafuta waliopotea katika machafuko. Orodha ilikuwa na Wagiriki 1,510 na Waturuki 492. Wajuao makaburi ya Wagiriki mara nyingi ni Waturuki, na wajuao ya Waturuki ni Wagiriki. Hakuna mama awezaye kumzika mwanawe pasipo jirani wa upande wa pili kufungua kinywa. Tangu mwaka 2006 wataalamu wa jamii zote mbili wamekuwa wakifukua na kuichunguza mifupa katika maabara moja, kwenye uwanja wa zamani wa ndege wa Nicosia, na zaidi ya watu 1,000 wamekwisha tambuliwa na kurudishwa kwa jamaa zao. Ili mashahidi wasiogope kusema, kamati hiyo haiulizi ni nani aliyeua. Wafiwa wengine huona bei hiyo ni kubwa mno. Na mashahidi wamezeeka. Kila mwaka wengine hufa, na mahali walipopajua hupotea pamoja nao.