Mama Yu Katika Nyumba ya Wazee: Je, Atunzwa Vema?

Barua imetufikia kutoka kwa kijana mmoja, mchimbaji katika machimbo ya dhahabu upande wa Geita. Mama yake ni mjane, haoni kwa jicho la kushoto, na miguu yake imekwisha nguvu. Mwaka jana ndugu walikubaliana apelekwe katika nyumba ya wazee. Kijana huyo hatuulizi kama walifanya vema au vibaya. Atuuliza jambo gumu zaidi. Aandika: "Nikienda kumwona nitajuaje kama atunzwa vema? Kila nikimwuliza hunijibu, Mwanangu, mimi sijambo." Tumeona yafaa tumjibu hapa mbele ya wote, maana hapana shaka wako wengi wenye swali hilo ambao hawajashika kalamu.

Desturi ya Usukumani ilikuwa mzee azeekee penye wajukuu, karibu na zizi lake. Desturi hiyo haijafa, lakini imechoka. Almasi za Mwadui ziligunduliwa mwaka 1940. Mgodi mkubwa wa Geita ulifunguliwa mwaka 2000, na ule wa Bulyanhulu mwaka 2001. Kando ya migodi hiyo yako machimbo ya wachimbaji wadogo, kama vile Nyarugusu, Rwamgasa na Mgusu, ambako kijana huenda kwa mwezi mmoja akakaa miaka 6. Nyumbani hubaki bibi na wajukuu, na baadaye bibi peke yake. Tena liko jambo la aibu ambalo hatuwezi kulipita kimya. Katika Shinyanga, Geita, Mwanza na Simiyu, vikongwe wengi wamesingiziwa uchawi kwa sababu ya macho mekundu, na wengine wamekatwa mapanga usiku. Wekundu ule mara nyingi ni kazi ya moshi: miaka 50 ya kuinama juu ya mafiga, kupika kwa kuni mbichi na samadi. Kwa mama wa namna hiyo nyumba ya wazee si kutupwa, bali ni kimbilio.

Nyumba zenyewe si nyingi. Serikali ina makazi ya wazee Kolandoto, karibu na mji wa Shinyanga, na Bukumbi katika Misungwi, na mengine katika mikoa mingine. Baadhi ya makazi ya nchi hii yalianza kuwa makambi ya watu waliougua ukoma. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilimwita mzee mtu wa miaka 60 na zaidi, ikasema kwamba jamaa ndio walezi wa kwanza, na makazi yawe ya mwisho baada ya njia nyingine kushindikana. Basi anayeingia humo kwa kawaida ni mtu asiye na mtu. Hapo ndipo ilipo hatari, kwa kuwa asiye na mtu hana wa kumwulizia.

Watu wengi huipima nyumba ya wazee kwa macho ya mgeni. Huona ukuta uliopakwa chokaa, vitanda vilivyopangwa, mashuka meupe, hukabidhi sabuni na sukari, hupigwa picha, wakaenda zao wakisema, "Wazee wetu wanatunzwa." Hatuikatai sabuni. Lakini mwaka 1966 daktari mmoja huko Marekani, Avedis Donabedian, mzaliwa wa Beirut, alifundisha kwamba ubora wa matunzo hutazamwa katika sehemu tatu: vitu na watu waliopo, kazi inayotendeka, na matokeo kwa mgonjwa mwenyewe. Mgeni wa sabuni ameona ile ya kwanza tu, tena nusu yake. Nyumba yaweza kuwa na vitanda vipya na mzee akaoza juu ya kitanda kipya. Twaweza pia kuonyesha nyumba ya mabati yenye kutu ambayo wazee wake wana ngozi safi na vicheko.

Kwa hiyo, ndugu yetu, anza na mwili wa mama yako. Usione haya, yeye alikuogesha wewe. Mwombe mhudumu wa kike, au nenda na dada yako, mkamwogeshe siku hiyo ninyi wenyewe. Tazameni visigino, nyonga, na mwisho wa uti wa mgongo. Mtu asiyeweza kujigeuza hupata vidonda vya kulalia mahali hapo, maana mfupa huibana nyama mpaka damu isipite. Kwanza ngozi huwa nyekundu au nyeusi zaidi, tena ngumu au yenye joto, kisha hufunguka, na kidonda chaweza kufika mfupani. Dawa yake kubwa ni mikono ya watu: kumgeuza, kwa desturi ya wauguzi kila baada ya saa mbili hivi, na kumweka mkavu. Florence Nightingale, mwalimu mkuu wa wauguzi, aliandika mwaka 1859 kwamba mgonjwa apatapo vidonda hivyo, mara nyingi kosa si la ugonjwa bali la uuguzi. Sisi twaongeza kwamba wako wanaopata vidonda hata wakitunzwa vema, kwa kuwa mwili umekwisha. Basi usipige kelele mara uonapo kidonda. Uliza kimeanza lini, nani akisafishaye, na mama hugeuzwa saa ngapi. Palipo na matunzo, jibu lipo tayari.

Kisha upimwe uzito. Mtu wa kilo 50 akipungua kilo 2 na nusu katika mwezi mmoja bila kukusudia, pana jambo. Labda ni ugonjwa. Labda ni meno. Labda chakula huwekwa mbele yake na kuondolewa kikiwa vile vile, kwa sababu hakuna aliyekaa kumlisha. Tazama kinywa chake. Ulimi mkavu uliopasuka waonyesha kiu, na wazee wengi hawasikii kiu kama vijana wasikiavyo. Wengine hujinyima maji kwa makusudi ili wasimsumbue mhudumu kuwapeleka chooni. Mama zetu wana adabu kupita kiasi.

Yakupasa kwenda saa ambayo hungojewi. Jumapili asubuhi nyumba yote imefagiliwa. Nenda Jumanne jioni, ukakae mpaka sahani zikusanywe. Uone kama ugali umelainishwa kwa asiye na meno, kama michembe au maziwa ya mgando hutolewa mara moja moja kwa waliokulia vyakula hivyo. Ukiruhusiwa, uulize habari za usiku: wako wahudumu wangapi, na mzee akianguka chooni saa 8 usiku nani atasikia? Twakiri kwamba kama tungepewa swali moja tu la kuuliza, tungeuliza hilo.

Liko jambo jingine ambalo watu wema hulifanya kwa nia njema: kumfunga mzee kitandani asianguke, au kumpa dawa za usingizi ili anyamaze. Marekani nayo yalizoeleka sana, mpaka mwaka 1987 ikatungwa sheria kukataza wazee wafungwe au wapewe dawa kwa ajili ya urahisi wa wahudumu. Ukiona kamba au kitambaa kimefungwa mkononi mwa mzee, usikubali upesi jibu la "ni kwa usalama wake." Mtu aliyefungwa hudhoofika, na akifunguliwa huanguka vibaya zaidi.

Sikiliza pia maneno. Katika nyumba moja tuliyoitembelea, mahali tusipopataja, tulisikia wazee wakiitwa kwa namba za vitanda: "Wa 7 hajala." Kitanda cha 7 kilikuwa na mzee aliyekuwa fundi wa kutengeneza mizinga ya nyuki, tulilijua hilo kwa kumsalimia "Mwangaluka" tu, akaanza kuzungumza nasi tusiweze kuondoka. Wahudumu hawakuwa wakatili. Walikuwa wawili kwa chumba kizima, na hakuna hata mmoja aliyejua Kisukuma. Mzee anayezidi kusahau husahau kwanza lugha aliyojifunza ukubwani. Akizungumziwa Kiswahili peke yake huonekana mkaidi, kumbe hasikii.

Tukumbuke jinsi kazi hii ilivyoanza kwa wengine. Mwaka 1839, huko Ufaransa, mwanamke maskini Jeanne Jugan alimchukua kikongwe kipofu, akampa kitanda chake mwenyewe. Kutokana na kitanda hicho kimoja lilizaliwa Shirika la Masista Wadogo wa Maskini, ambao hata Nairobi wana Nyumba ya Wazee. Papa Benedikto wa 16 alimtangaza Mtakatifu mwaka 2009. Jeanne hakuwa na jengo wala bajeti. Alikuwa na mtu mmoja, akimjua kwa jina.

Sasa tulijibu lile neno la mama, "Mwanangu, sijambo." Usilichukue kuwa uongo, wala kuwa ushahidi. Wewe utaondoka jioni. Yeye atabaki na wale wale wanaompa maji. Akikulalamikia ukaenda kugomba, atakayelipa ni yeye. Kwa hiyo usimwulize, "Wanakutesa?" Umwulize mambo madogo: jana ulikula nini, nani alikuosha, ulilala saa ngapi, jirani yako wa kitandani ni nani, yu wapi yule wa mwezi uliopita? Majibu hayo yatakujulisha mengi bila yeye kumshtaki mtu. Ukiona kasoro, nenda kwa mkuu wa nyumba kwa heshima, useme ulichokiona, si ulichokidhani. Asipotengeneza, nenda kwa ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Wala usiwasahau wahudumu wenyewe. Wengi hulea wazee wengi kwa mshahara mdogo, na hakuna anayewashukuru ila siku ya msiba.

Twasikia pia wengine wakisema kwamba mama zao wako nyumbani, maneno haya hayawahusu. Yawahusu. Visigino ni vile vile, kiu ni ile ile, na bibi aliyefungiwa ndani tangu asubuhi mpaka watu watoke shambani hana hata mkaguzi wa kumtembelea.

Tulimwandikia kijana yule kwanza kwa barua, kabla ya kuyachapa haya, tukamwambia pia ampeleke mama Bugando, Mwanza, jicho litazamwe, kwa kuwa kama ni mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji. Amekwisha kutujibu. Alikwenda siku ya kazi, jioni. Ngozi ya mama ilikuwa safi, kitanda kikavu, na wahudumu walijibu maswali yake yote vizuri. Ila midomo yake ilikuwa imepasuka. Kikombe cha maji kilikuwapo, kimejaa, juu ya meza ndogo upande wa kushoto, upande wa jicho lisiloona. Aliihamisha meza ile upande wa kulia, mama akanywa vikombe viwili.